Baba Okapi Ananyonyesha Mutoto

Habari hii hamutaiamini, na miye siwaombi muiamini. Ata mupadri, nilipomuelezea, alicheka mupaka akasahau kunipa malipizi ya zambi zangu. Lakini miye Firmin, mwenye kumaliza darasa ya tano primere na nusu ya ya sita, sijuake kudanganya.

Muke ya mudogo wangu, Adèle, anakaa hapa Bunia, mutaa ya Bigo, anauzishaka sombe, majani ya muhogo, mbele ya mulango. Zamani, kule pori ya Mambasa, miaka kumi na mbili kazi yake ilikuwa kukata majani ya kulisha okapi. Okapi moja muke alimupatia jina Huguette. Vita ikakuya, Huguette akakufa, na picha yake haikubakia ata moja.

Basi mwaka jana komite ikatoka Kinshasa, ya kutoa shauri picha gani itiwe ku feza mupya ya chuma. Siye watu ya Bunia, feza ya chuma tunayoshika ni ya Uganda, lakini haizuru. Wakasema wanataka mawazo ya raia. Raia, ku hesabu yao, ni mutu moja, na wakamuchagua Adèle. Fishi yake, karatasi ya kuomba, miye njo niliijaza, na biki yangu ya kuandikia. Wakamukalisha mwisho ya meza, karibu na mulango, sawa mutu ya kulinda viatu.

Siku tatu wakubwa nane wenye kravati walikaa mu sale ya hoteli. Mbili walizimaliza juu ya kujua kama watakula kuku ao samaki. Miye nilimuletaka Adèle na pikipiki, nabakia mu kiwanja, upande ya jikoni. Kuku njo ilishinda.

Siku ya tatu wakaleta picha: okapi ananyonyesha mutoto, na ku kichwa pembe mbili. Prezida wa komite, profesere moja mwenye okapi aliionaka tu mu kitabu ya watoto, akasema ni mazuri sana. Wote wakatosha biki ya kutia sahihi.

Adèle akanyoosha mukono.

"Bwana prezida, okapi muke haina pembe. Mwenye pembe ni dume. Huyu mumechora ni baba."

Prezida akamujibu pembe inaleta heshima ya inchi.

"Sawa. Inchi yote itembee na baba mwenye maziwa mu mufuko."

Hakuna mwenye alicheka, juu prezida hakucheka. Akasema komite inahitaji sinyatire, sahihi ya raia, leo leo. Asipotia, jina yake itafutwa, watatafuta raia mwingine, wako mingi barabarani.

Adèle akaangalia ile picha sana. Macho ilikuwa ya Huguette kabisa. Akaweka biki chini.

"Hii njo picha yake moja tu. Siwezi kumuwekea pembe."

Sentinele, mulinzi ya hoteli, akatumwa inje kuleta raia. Raia mwenye alikuwa karibu ni miye. Basi nikaingia, watu yangu, nikapiga meza ngumi, sahani zikaruka, nikawaambia wale wakubwa: muke ya mudogo wangu akikataa, na miye nimekataa, ata munipe kuku nzima na...

"Shemeji." Adèle iko nyuma yangu sasa hivi, anasoma hii kayé ninayoandika, mikono imejaa sombe. "Ulitia sinyatire kabla ya kukaa. Paja ya kuku ilikuwa mu mukono ya kushoto. Andika ile."

Ilikuwa bawa, haikuwa paja, na tena bawa yenyewe ilikuwa ya baridi.