Njia ya Igalilo haiwezi kunyooka

Saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka, na Eufrasia Maganga ameshavua kandambili zake. Anazishika kwa mkono wa kushoto, anajifunga kitenge vizuri, kisha anawageukia wageni wake tisa, walimu kutoka Kahama waliokuja na basi dogo la kukodi. Anawaambia maneno yaleyale anayowaambia wageni wote.

"Mnanifuata mimi. Nikipinda, pindeni. Nikisimama, simameni. Maswali tutaulizana tukifika juu."

Anaanza kupanda. Kilima chenyewe si cha kutisha, mtu mwenye haraka angekimaliza kwa dakika kumi. Mama Noela, kama wanavyomwita hapa kijijini Igalilo, anakipanda kwa dakika arobaini. Anakwenda kulia, anarudi kushoto, anakizunguka kichaka kisicho na lolote la kutazama, anashuka kidogo ndipo apande tena. Mahali fulani penye nyasi fupi anasimama, anainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya kawaida, "Mwangaluka." Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, lakini mbele yake hakuna mtu.

Mwalimu mmoja, simu mkononi, anachoka na mizunguko hiyo. Anakata moja kwa moja kuelekea kwenye jiwe kubwa akapige picha. Hafiki hatua tano.

"We baba, rudi! Rudi hapohapo ulipokanyaga!"

Anarudi huku akicheka kwa aibu. Mama Noela hacheki. Kwa muda anaonekana kusahau alikuwa anaelekea wapi.

Igalilo, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Ushirombo, ni uwanja wa vita. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, Wasumbwa walioishi ndani ya boma la minyaa juu ya kilima walivamiwa na Watuta waliotokea kusini. Walipigana siku mbili. Handaki lililozunguka boma bado linaonekana, ingawa limejaa nyasi na mbuzi wamelifanya lao. Waliokufa, wa pande zote mbili, walizikwa palepale walipoangukia, bila jiwe wala alama.

"Baba yangu ni wa wale waliokuwa ndani ya boma. Mama yangu ni wa wale waliokuja kulivunja," anasema Mama Noela akiwa ameketi juu ya kilima, wageni wake wakipigana picha. "Sasa mimi nimchukie nani? Wote wangu."

Kwa desturi ya Igalilo, makaburi hayo hayanyoshewi kidole, hayawekewi alama, na hayatajwi yalipo. Anayejua hutangulia, anayejifunza hufuata nyuma. Njia inapopinda, kuna mtu amelala. Ndivyo marehemu babake alivyomfundisha, na ndiyo maana hakuna ramani.

"Hakuwahi kuniambia hata siku moja, hapa yupo mtu. Tulitembea tu, miaka. Siku moja akasema leo tangulia wewe. Nilipofika chini bila kukosea, akaniambia haya, kazi yako."

Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa ana miaka 58, analipwa posho ya Sh120,000 kwa mwezi na kamati ya utalii ya kijiji, na ndiye pekee aliyebaki anayejua. Ana presha. Mwezi Aprili alianguka akiwa kisimani, ndoo ikamwagika, akalala pale mpaka jirani alipomkuta.

"Nilipozinduka sikujiwazia mimi," anasema. "Niliwawaza hawa. Nikifa leo, wamepotea."

Hofu hiyo angeweza kuendelea kuishi nayo, kama alivyoishi na mengine. Ila Jumatatu ijayo fundi anaanza kazi.

Kamati imepata mfadhili wa kuifanya Igalilo kivutio cha utalii cha kueleweka. Mchoro, ambao mwandishi wa makala haya aliuona, una njia ya vitofali iliyonyooka kama rula kutoka getini hadi kileleni, mita 180. Juu kuna mnara wa kutazamia wenye miguu minne, na kila mguu unataka shimo la mita mbili.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, Herman Ngassa, si mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nilikwenda kumwona nikiwa nimeshamkasirikia, nikarudi nimechanganyikiwa.

"Umeiona zahanati yetu?" alinikaribisha kwa swali. Nilikuwa nimeiona: kuta zimekamilika, paa hakuna, na ndani yameota mahindi ya mtu. "Mwaka huu akina mama wanne wamejifungulia njiani. Mama Noela anataka tuwatunze waliokufa, mimi sikatai. Na hawa wanaozaliwa kwenye pikipiki, nani awatunze? Paa litatoka kwenye viingilio, na mgeni halipi ili azungushwe kwenye majani dakika arobaini, na mayu, mama wa watu, hataki hata kumwambia anazunguka nini!"

Anasema amemwomba jambo moja tu, na kwa masikio ya mgeni ni jambo la busara kabisa. Mama Noela aweke alama kwenye makaburi, mafundi wayakwepe. Yeye amekataa. Mfadhili ametoa muda hadi mwisho wa mwezi, kazi isipoanza fedha zinakwenda kwingine.

Kwa nini amekataa? Hapo ndipo Mama Noela anapoinamisha uso, kwa sababu alama alishaziweka mara moja.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Wageni walikuwa wameanza kuongezeka, hasa wafanyakazi wa migodini wakati wa mapumziko, na wengi walikuwa hawafuati njia. Alimwona msichana amekaa kitako palepale pasipokalika, anakunywa soda. Usiku huo hakulala. Asubuhi akaenda kinyume cha mafundisho ya babake: alichonga vigingi, akachana kanga yake kuukuu nyekundu, akafunga kitambaa kwenye kila kigingi na kuvichomeka kwenye makaburi kadhaa ya upande wa magharibi ili watu wasikanyage.

Alijiona mwerevu. Hakukumbuka anaishi wapi.

"Huku kwetu kigingi chenye kitambaa chekundu maana yake mtu kashapima, kashaona kitu," anaeleza Deusdedit, mchimbaji mdogo mwenye umri wa miaka 34 aliyekuwa miongoni mwa waliofika mapema. "Na vilikuwa vingi, vimefuata mstari! Tukajua huo ni mkanda wa dhahabu unapita. Nani angebaki nyumbani?"

Habari ilifika Runzewe kabla ya mchana. Siku ya pili kulikuwa na watu wapatao mia tatu kilimani, wenye sululu, detekta za kutafutia dhahabu na majembe, na mama ntilie watatu tayari wamebandika sufuria. Kila kigingi kilipata duara lake, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Mti wa mninga uliokuwa upande huo ukakatwa ukawa matimba ya kuzuia udongo usianguke. Yalichimbwa maduara kumi na moja.

Dhahabu haikuonekana. Kwenye duara la tatu walipata fuvu.

"Wengine tulikimbia," anasema Deusdedit. "Wengine wakasema hapo ndipo penye mali, zikeni pembeni tuendelee. Ndipo mama akaja. Hakupiga kelele. Aliteremka ndani ya shimo, akakaa. Tukamwambia mama toka, kutaporomoka. Akasema fukieni, nikiwa humu humu."

Alikaa humo tangu mchana hadi mgambo walipofika jua likizama. Siku ya tatu kilima kilikuwa kitupu. Deusdedit alirudi peke yake na koleo, bila kuitwa, akafukia maduara saba yaliyokuwa bado wazi. Nilipomuuliza kwa nini, alianza kukagua mnyororo wa pikipiki yake.

Mifupa yote iliyotoka kwenye maduara, Mama Noela aliikusanya kwenye shuka jeupe la harusi yake na kuizika upya mahali ambapo hajamwambia mtu, si mwenyekiti, si paroko, hata mwanawe Noela anayeishi Buseresere.

"Niliwaanika mwenyewe," anasema. "Babangu alificha miaka yote, mimi nikawafungia kitambaa. Halafu Herman ananiambia niweke alama tena! Nitaweka alama ya rangi gani ambayo mtu wa huku ataiona asichimbe?"

Swali hilo amelibeba tangu mwanzo wa mwezi, na linamla. Amekonda. Wakati tunazungumza nyumbani kwake, anakatisha sentensi kila pikipiki inapopita barabarani, anasikiliza kama itasimama. Chakula alichopika tangu asubuhi hakijaguswa.

Jibu, kama ni jibu, lilimjia Jumatano akiwa kanisani, wakati ambao anakiri alipaswa kuwa anasali. Makaburi hayawezi kuwekewa alama. Lakini njia inaweza.

Alhamisi akaenda kwenye kikao cha kamati na kuomba kitu kimoja. Jumatatu, kabla jembe halijagusa ardhi, atatangulia kupanda kilima kwa njia yake. Fundi mkuu, Enock, atafuata nyuma na kopo la chokaa lililotobolewa, akimwaga mahali anapokanyaga. Njia ijengwe juu ya mstari huo. Mnara usimame upande wa magharibi, kwenye maduara yaliyofukiwa, kwa sababu pale hakuna tena wa kusumbuliwa.

Kabla ya kikao alikuwa amemwendea Deusdedit kumuuliza kama chokaa nayo ina maana yake machimboni. Makosa yameshamfundisha.

"Nikamwambia chokaa ni ya uwanja wa mpira," Deusdedit anasema. "Hiyo hakuna atakayechimba."

Kamati haikufurahi. Enock alishaujaribu mzunguko huo kwa kamba siku ya Ijumaa, kwa kukadiria tu, akapata mita 460. "Vitofali nilivyonavyo vinaishia katikati ya kilima," analalamika. "Labda kuanzia hapo tushindilie udongo wa moramu. Lakini mchoro unasema moja kwa moja. Nitamwambia nini mfadhili, kwamba kuna mama amekunywa uji akaamua kuzunguka?"

Herman naye anasema mnara ukisimama upande wa magharibi, minyaa itaziba nusu ya mandhari. Mwisho walikubaliana nusu nusu. Jumatatu kamati nzima itapanda nyuma ya Mama Noela.

"Tutamfuata, tuone," anasema Herman. "Akipanda kwa uhakika, tunajenga alikopita. Nikiona anababaika, anatuzungusha tu, nanyoosha njia na mnara unakwenda kileleni. Nina kijiji cha kukisemea."

Na hilo ndilo linalomkosesha usingizi, kwa sababu babaiko lipo. Upande wa magharibi alikuwa akitegemea ule mninga: ukiuacha bega la kulia, unahesabu hatua, unapinda. Mninga haupo. Kisiki waling'oa. Kuna sehemu moja nje ya maduara, ambako bado kuna mtu, anasema kwa sauti ya chini ingawa tuko wawili tu, ambayo hana uhakika nayo kwa hatua mbili au tatu.

Kila siku sasa, kabla ya wageni, anapanda peke yake bila viatu na kuirudia. Mara inakubali, mara inakataa. Jana alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

"Nikikosea, watajenga juu ya kosa langu. Kwa sementi. Vigingi niliving'oa, sementi nitaing'oaje?"

Niliogopa kwa niaba yake, na sioni haya kusema hivyo. Nikamuuliza kuhusu ile salamu ya asubuhi, pale penye nyasi fupi. Je, ndipo palipo na lile shuka jeupe?

Kwa mara ya kwanza katika siku mbili, Mama Noela alicheka, mpaka akashika mbavu.

"Ninasalimia sehemu sita, ng'wanawane, mwanangu. Nne hazina mtu. Nimejifunza kwenu nyie watu wa simu, mnaopiga picha kila ninaposimama."

Mipango yake si mikubwa. Anataka njia ipinde, mnara usimame, na zahanati ipate paa, kwa sababu hata yeye ana mjukuu anayetarajiwa Desemba. Amemwandikia Noela ujumbe arudi kutoka Buseresere wiki hii, asiulize kitu, aje tu na miguu yake. Noela amejibu atafika Jumapili, na Jumatatu atakuwa wa kwanza nyuma ya mama yake, mbele ya fundi na mwenyekiti.

Jioni tulipanda tena, tukateremka pamoja kwa njia yake, yeye mbele, kandambili mkononi. Upande wa magharibi alipunguza mwendo. Alisimama, akapeleka mguu mbele, akaurudisha, akaupeleka tena kushoto zaidi.

"Jumatatu nitakwenda polepole sana," alisema bila kugeuka. "Na atakayeniuliza kwa nini ninapinda, nitamwambia miguu inauma."