Waliouliza kwa Majina Matatu

Kwetu mtaani Jericho, mtu akiulizwa kwa majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, tunajua kuna shida. Majina matatu ni ya polisi, ya watu wa korti, na ya madalali wanaokuja kubeba sofa. Mtu mwenye nia njema huuliza "yule fundi wa nguo" au "yule msichana anayekimbia." Kwa hiyo mgeni akibisha na kutaja majina matatu, hata mtoto wa chekechea anajua la kujibu: hayuko, ameenda ushago, kijijini kwao, hatujui atarudi lini. Hakuna anayetufundisha. Tunazoea tu, kama tunavyozoea kufunga komeo.

Nalitanguliza hili ili nisihukumiwe haraka. Kujihukumu, nimeshajihukumu ya kutosha.

Msichana anayekimbia ni mdogo wangu. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la nne, nami nikamlea kwa cherehani, nikishona sare za shule sokoni. Alipoanza kushinda mbio za barabarani na kualikwa ng'ambo, mtaa mzima ulishinda naye. Akahamia mtaa wa Fedha, kwenye ghorofa yenye lango na soja anayeandika wageni kitabuni. Hata hivyo, mwaka uliofuata alianza kuja kwangu karibu kila jioni, akawa analala nyuma ya pazia linalogawa chumba, kwenye kitanda chake cha zamani. Mimi nikawa najigamba sokoni. Ana maji ya moto ya bomba, niliwaambia wenzangu, na bado anakuja kuoga kwa beseni kwa dada yake. Huyo hajaota pembe.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili na kitu, nilikuwa nakoroga uji nikasikia hodi. Mlangoni walisimama mwanamume na mwanamke, nguo zimepigwa pasi, mkononi kisanduku kama cha kubebea chanjo. Wakataja majina matatu ya mdogo wangu.

"Huyo hakai hapa," nikasema kabla sijafikiri. "Alihama zamani."

Mwanamke akaninyooshea kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake. Sikukisoma. Siku hizi hata mkora anacho cha kuning'iniza shingoni. Wakasema watangoja, na kweli wakangoja karibu saa nzima pale kwenye mfereji, akina mama wakiwapita na mitungi yao bila kuwaambia lolote. Walipoondoka nilijiona shujaa.

Mdogo wangu alipoamka nilimsimulia. Akacheka.

"Hao ni wasee wa bima, sista. Wakisikia umeshinda mbio hawakuachi. Wakirudi waambie tu sipo."

Wakarudi. Mara ya pili sikuwepo, wakamkuta jirani wa mlango wa pili, yule muuza mandazi, akawaambia mdogo wangu ameenda Kitui kumzika mjomba. Akawatolea na machozi kidogo. Tulicheka mpaka mandazi yakaungua. Mara ya tatu, miezi michache baadaye, nilikuwepo mimi, na nikawafukuza kwa ufundi zaidi, maana sasa nilikuwa na uzoefu.

Kisha barua ikaja kwenye simu yake. Aliketi kitandani kwangu, akanisomea, akanieleza nisichokijua. Mkimbiaji wa kiwango chake huwaandikia wapimaji mahali atakapopatikana kila siku kwa saa moja, na wao huja bila kumwarifu, wachukue mkojo na damu waone kama anatumia dawa za kuongeza nguvu. Akikosekana mara tatu ndani ya mwaka, anaadhibiwa karibu sawa na aliyeshikwa. Miaka miwili bila kukimbia. Yeye alikuwa na ishirini na tisa, na kwa miguu ya mkimbiaji, miaka miwili katika umri huo ni kama kuambiwa ustaafu.

Si wa bima, si madalali. Nilikuwa nimemharibia mtoto niliyemlea, kwa kinywa changu, mlangoni kwangu.

"Mbona hukuniambia ni wapimaji?"

"Nilidhani ni wa bima kweli. Nilikuwa nimelala, sista. Nilichoka na mazoezi, sikusikia kitu."

Nikamwamini. Ningeanzaje kutomwamini? Nililia mimi, yeye akanibembeleza. Alipopata wakili na wakaitwa kwenye kikao cha kusikiliza shauri, nilisema nitakwenda kubeba lawama yangu mwenyewe. Wakili alifurahi. Alinieleza kwamba wanakikao wakikubali kuwa siku hata moja kati ya zile tatu alikuwa ndani amelala, hana habari kwamba anatafutwa, siku hiyo inafutwa, na msichana anarudi barabarani. Ya tatu ndiyo waliyoitegemea zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya karibuni na shahidi wake ni mimi.

Tulikwenda mjini tumevaa nguo za kanisani, mimi na muuza mandazi. Nyuma ya meza walikaa wazee wawili na mwanamke mwenye miwani. Nikawaeleza habari za majina matatu kama nilivyoeleza hapa. Mzee mmoja akatabasamu, nadhani naye alikulia mtaani. Nikaona mambo yanaelekea kuzuri.

Yule mwenye miwani akaniuliza, kwa heshima sana, "Mama, mdogo wako ana nyumba Fedha. Kwa nini aliwaandikia wapimaji anwani yako?"

"Kwa sababu ananipenda," nikasema. Nililisema mbele ya watu, na sikuona haya.

Akafungua karatasi. Akasoma kwamba hapo mwanzo mdogo wangu alikuwa ameandika Fedha, na huko wapimaji walimpata kila walipokwenda, maana soja alikuwa anampigia simu na yeye anashuka. Alibadilisha akaandika Jericho mwezi uleule alipobadilisha kocha. Nilijaribu kukumbuka ni mwezi gani alianza kulala kwangu. Sikuhitaji kujaribu sana. Kilikuwa kipindi cha kufungua shule, nimezama kwenye sare, na nakumbuka jinsi nilivyoshukuru kupata mtu wa kuongea naye jioni.

Nilishtuka hivi kwamba sikusikia swali lililofuata. Akalirudia.

"Siku ile ya tatu, mpimaji ameandika kwamba dakika za mwisho alirudi mlangoni pako akapiga simu ya mdogo wako. Anasema aliisikia ikilia ndani, kisha ikanyamazishwa. Wewe ulisikia simu ikilia?"

Ililia. Nilikuwa nimeisahau, au niseme nilijisahaulisha. Ililia ule wimbo wa kwaya aliouweka, mara mbili, ikakatwa, na kitanda kikalia kidogo nyuma ya pazia. Mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nikasema moyoni: mwerevu huyu, ameizima. Nilifurahi. Sikujiuliza mtu asiyejua anatafutwa anazima simu kwa nini.

Nikamtazama. Nilitarajia nimwone ameogopa, au ananisihi kwa macho. Hakuwa hivyo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeagiza chai na anajua itakuja. Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Wakili alikuwa ameshaanza kupanga karatasi zake. Jirani yangu alinikanyaga mguu chini ya meza, na nilijua vizuri maana yake.

Ningesema sikusikia, shauri lingekwisha hapo. Kusema uongo si kazi ngeni kwangu, nilishamsemea mara mbili, ya kwanza bila hata kuombwa. Lakini utulivu ule wake ulinikasirisha kuliko hasira zote nilizowahi kuwa nazo, hata zile za kumchapa alipotoroka shule.

"Nilisikia," nikasema. "Ililia mara mbili, ikazimwa."

"Fundi," jirani akanong'ona, kama anayemwita mtu aliyeanguka.

Baadaye tulisimama kwenye ngazi za nje, wakili akiwa ameenda zake. Jirani alitangulia hadi barabarani akatupa kisogo. Mdogo wangu hakulia.

"Ulikuwa unatumia dawa?" nikamuuliza.

"Kila mtu anatumia kitu."

"Sijakuuliza habari za kila mtu."

Akaangalia viatu vyake. "Sindano. Za kuongeza damu. Tangu nihamie kwa huyu kocha."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika. Nikafikiria zile jioni zote, uji wa asubuhi, beseni, blanketi la ziada nililonunua. Nilikuwa nikimhesabia upendo, kumbe yeye alihitaji mlango wenye mtu kama mimi.

"Kwa hiyo kwangu ulikuwa unakuja kujificha."

"Fedha soja angenipigia simu tu, hajui mambo." Alisema polepole, bila ukali. "Kwenu hakuna mtu angeniuza."

Alisema kwenu. Nyumba aliyozaliwa, kitanda alichokojolea akiwa mdogo, ameviita kwenu.

"Wewe hasa," akaendelea, na hapo ndipo sauti yake ilipoanza kukatika. "Wale wengine, sawa. Lakini wewe, sista, nilijua huwezi kuniuza."

"Hata mimi nilijua hivyo," nikamwambia.