Nafasi ya Kushoto

Wifi yangu haamini nafasi tupu. Ni mkemia, kutwa yuko maabara akiunganisha metali ya risasi, hii ya kwenye betri za gari, na molekuli zenye umbo la pete: kaboni tano na nitrojeni moja. Nitrojeni ndiyo inayoishika risasi. Zikishashikana na kuwa fuwele, huzipiga eksirei aone atomi zilivyokaa.

"Ukiona pete zote zimejibana upande mmoja," aliwahi kunieleza, "usidhani upande wa pili hakuna kitu. Pana elektroni mbili za risasi yenyewe, zimejikalia. Hazionekani vizuri pichani, lakini ndizo zinazozisukuma pete."

Jicho hilo akalileta nyumbani, akamgeuzia kaka yangu, fundi wa redio. Kaka alikuwa ameanza visa. Mezani lazima mkewe akae kulia kwake. Kitandani amehama upande. Simu ikilia, huyoo, katoka nje.

"Wifi, kushoto kwake kuna mtu," akaniambia. "Simwoni, ila naona ninavyosukumwa."

Badala ya kumtuliza, nikachochea: dalili ya mvua ni mawingu. Kaka yangu namjua. Utotoni aliiba sukari akanisingizia mimi. Kila nilipowatembelea nilinusa mashati yake kama mbwa wa polisi.

Jumapili moja wifi akaniita chakula cha mchana niwe shahidi. Begi lake lilikuwa tayari, nyuma ya mlango wa chumbani. Mezani nilikaa mkabala na kaka. Redio ilikuwa ikiimba kabatini. Kaka, ameinamia supu, alishamsogezea mkewe kiti cha kulia. Wifi akakipita, akaketi kushoto.

"Kesho naenda kwetu," akasema kwa sauti ya chini. "Sirudi."

Kaka akaendelea kumega mkate. Hasira zilinipanda: moyo gani huu wa jiwe? Wifi akarudia maneno yale yale. Kaka akachovya mkate, akala. Wifi akamtazama sikio kwa kitambo, nikaona uso wake unabadilika. Akainuka, akahamia kiti cha kulia.

"Tangu lini?" akauliza, kwa sauti ile ile ya chini.

"Tangu lini nini?"

"Sikio la kushoto."

Kaka aliweka kijiko chini. "Lilianza na mvua za mwanzo. Hata simu humu ndani sisikii vizuri, kelele tupu." Akatutazama kwa zamu, macho yamemtoka kwa woga. "Msimwambie mtu. Fundi wa redio kiziwi, nani atamletea kazi?"

Wifi alimshika mkono. Mimi nilitamani nijifiche chini ya meza.

"Na pale kushoto ulikuwa unasema nini?" kaka akamuuliza.

Wifi akanitazama.

"Kasema supu haina chumvi," nikajibu mimi.

Kaka akaonja, akasema mbona imekolea. Wifi alikuwa keshaingia chumbani, anatoa nguo begini.