Siku Niliyowapinga Ng'ombe kwa Niaba ya Jamhuri

Bado naona haya kulisimulia hili, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Mabawe, ambao huliongezea chumvi.

Ulikuwa mwaka wa vita, kila mgeni akishukiwa upelelezi. Mimi, mtu wa Biharamulo, nilikuwa nimetoka kusomea sheria chuo kikuu, nikapangiwa umeneja wa kijiji kule Mabawe, mpakani na Burundi. Mara nikaona Warundi wakishusha ng'ombe kwenye kijito chetu kila asubuhi, na hakuna anayewauliza (hata mgambo aliwapungia mkono!). Nikakosa raha. Tulifundishwa kwamba mataifa yakizoea jambo muda mrefu, na kuliona ni wajibu, mazoea hayo huwa sheria bila hata mkataba. Asiyetaka yamfunge apinge mapema, waziwazi. Leo maji, kesho kijito chenyewe, halafu mahakama ituambie tulinyamaza wenyewe!

Basi nikaingia kijitoni, maji magotini, nikapaza sauti: "Napinga!"

"Kwa niaba ya nani, kijana?" akauliza Bigirimana, mkubwa wao.

"Jamhuri ya Muungano wa Tanzania!"

Akanitazama, akageuza ng'ombe. Nikajipongeza (na kumshuku zaidi: mbona amekubali upesi hivyo?).

Kabla ya adhuhuri kundi jingine likaja kutoka ng'ambo, likavuka, likavamia maharage ya shamba la ujamaa. Nikapuliza filimbi, nikapiga kelele "Uvamizi!", kijiji kizima kikatoka na mikuki, kisha mwenyekiti, Mzee Ntahondi, akasimama ghafla.

"Uvamizi gani, meneja? Hawa si ng'ombe wangu?"

Kumbe tangu watu wakusanywe kijijini malisho yaligeuka mashamba, kwa hiyo ng'ombe wetu walilishwa ng'ambo, na wa ng'ambo wakanywa kwetu; baada ya pingamizi langu, Warundi wakaturudishia wa kwetu. (Nami nilidhani kijiji hakina ng'ombe!)

"Sasa watakula nini?" mama mmoja akanifokea. "Vyeti vyako?"

Jioni wakaniingiza tena kijitoni, wote nyuma yangu, na Bigirimana akingoja ng'ambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jamhuri inasemaje sasa?" akauliza Bigirimana. Watu wakaangua kicheko.

"Jamhuri inakiri kwamba kunywesha hapa ni haki yenu, na kulisha kwenu ni haki yetu, kwa mazoea ya miaka yote hii."

"Paza sauti, kijana," akasema Bigirimana, "wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Ng'ombe wakavuka. Nikiwa nakamua suruali ndipo nikang'amua: mazoea yale yalipungukiwa kitu kimoja tu, mtu wa serikali akiri hadharani kwamba ni haki yao na wajibu wetu, na mtu huyo nimekuwa mimi!

Nimeapa sitapinga tena jambo kabla ya kuuliza sisi tunafaidi nini. Ila Bigirimana yule, jinsi alivyotaka nirudie kwa sauti, hadi leo namshuku.