Ndege Aliyehamia Kidoleni

Ko! Kimya. Ko! Mlio unatoka nyuma ya pazia la chumba cha mwisho, kabla hujamwona anayegonga.

Ni saa moja asubuhi. Fundi mihuri, mama wa miaka hamsini na minane ambaye majirani humwita Mama Chapa, ameinamia kadi za harusi mia na ishirini. Kila moja anaigonga muhuri wa ndege mdogo mweusi, bawa moja refu kuliko jingine.

Ndege huyo alichorwa na baba wa bibi harusi, kama alivyokuwa akimchorea bintiye kwenye madaftari ya shule. Fundi akamchonga kwenye mpira wa muhuri. Leo mzee yuko hospitali. Mkono haushiki tena kalamu. Harusi ni baada ya wiki tatu. Madaktari wanamhesabia siku. Ameomba aione kadi tu.

Juzi alipelekewa ya kwanza. Mama Chapa alikuwa ametumia wino wa maji, ambao karatasi ya kawaida huunywa ukakauka papo hapo. Kadi hizi zinang'aa, hazinywi. Mzee aliishika kwa kidole chenye jasho la homa, ndege akahamia kidoleni.

"Alicheka, akasema, 'Kumbe ameruka kabla yangu,'" anasimulia binti, macho yamevimba. "Mimi nikatoka nje."

Fundi hajitetei. "Miaka ishirini na miwili nagonga mihuri. Haraka haina baraka, kila mtoto anajua. Mimi mtu mzima nikasahau."

Sasa anatumia wino wa mafuta. Unang'ata hata karatasi laini, ila kukauka ni siku mbili. Siku mbili, kwa mtu anayehesabiwa siku!

Kadi aliyoigonga jana iko dirishani. Fundi analamba kidole gumba, anamsugua ndege. Kinatoka cheusi.

"Bado."

"Mama, tumpelekee hivyo hivyo," binti anasihi.

"Mwanangu, ndege huyu kuruka mara moja kunatosha."

Simu ya binti inalia, anaiweka spika. Sauti ya mzee ni nyembamba kama uzi.

"Fundi, ndege wangu yuko wapi?"

"Anakauka, mzee wangu."

"Mwambie afanye upesi. Na mimi nakauka."

Mama Chapa anacheka, kisha anajifuta uso kwa kiwiko, maana vidole vyote vina wino.

"Nisubiri," anasema. "Kesho saa tatu nakuletea mwenyewe. Msugue mpaka uchoke. Huyu, nakuapia, anabaki."