Maji ya Kupanda Mlima

Kila Mulinge akileta wageni kwa bodaboda kutoka Malili, humkuta yule mama wa mihogo ya kuchoma pale pale, kando ya barabara ambapo maji yakimwagwa hupanda mlima badala ya kushuka. Mama hasalimii kwanza. Hutazama mikono ya mgeni, aone kama amebeba chupa. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa makaa, na sauti yake ni kavu, ya mtu aliyeeleza jambo moja mpaka likamchosha: "Mwaga hapo chini. Polepole." Maji yakianza kutambaa kwenda juu, wageni hushika vichwa, wengine humwita Yesu. Yeye hugeuza mihogo tu.

Juzi kijana mmoja wa Nairobi alitoa mpira. "Maji nitakunywa, mama, jua ni kali. Hii pia si itapanda?"

"Mpira inakataa," alisema bila kuinua macho. "Ni maji tu."

Mulinge alishaona mipira mingi ikipanda hapo. Alifungua mdomo amkosoe. Lakini kijana alikuwa ameshamwaga chupa nzima, na Mulinge akayafuata yale maji kwa macho mpaka yalipoishia: kwenye mfereji mwembamba nyuma ya jiwe, penye mche wa mchungwa wenye majani mabichi, na shamba lote nyuma yake limekauka kwa msimu wa pili. Akaenda kwenye pikipiki, akachukua chupa yake mwenyewe, akainama hapo chini, akamwaga polepole.