Bi Zuhra na Sufuria za Wageni

Bi Zuhra wa Kasingirima aliporudi Ujiji kutoka Dar es Salaam, alikofanyiwa upasuaji wa moyo, watu walifurahi kwa namna wanayoijua: walipika. Asubuhi mikate ya muhogo, mchana pilau, jioni sombe, yaani kisamvu, iliyojaa mawese. Kila aliyeleta chakula aliketi mkekani kungoja amwone mgonjwa anakula.

Bi Zuhra huuza vitenge, na hajui kumnyima mtu furaha. Akala. Kliniki, mzani ukapanda.

"Mama, moyo umetengenezwa, lakini unauongezea mzigo," muuguzi alimwambia. "Ukiendelea hivi utarudi kitandani. Punguza mafuta, chumvi, na hilo tonge."

Alirudi nyumbani na hofu. Shida hasa ilikuwa wifi yake, Asia, aliyemwogesha kidonda kikiwa kibichi. Migebuka, samaki wa ziwani, anaowapika Asia kwa mawese husifiwa mtaa mzima. Kumrudishia sufuria yake ikiwa imejaa ni kama kumrudishia undugu wake.

Alijaribu kusingizia shibe.

"Umeshiba nini, wifi? Vidonge?" Asia akamwongezea mchuzi.

Basi Bi Zuhra akawaza: mgonjwa hakatai cha mgeni, sawa, je, mgeni anaweza kukataa cha mwenyeji? Siku iliyofuata alinunua mgebuka mbichi, akamchemsha kwa nyanya, tangawizi na ndimu, akasonga ugali mdogo, akajaza bamia na bilinganya pembeni. Asia alipoingia na sufuria, hakupewa nafasi ya kuifunua.

"Nawa mikono, wifi. Leo nimepika mimi."

"Wewe? Na kifua hicho?"

"Nawa."

Asia akaonja, akakunja uso. "Huu mchuzi wa mtoto anayeota meno. Chumvi imeibiwa?"

"Kula tu."

"Nakula, lakini nitakushtaki kwa kaka yako."

Bi Zuhra alicheka, kisha machozi yakamlenga. Ndipo akasema yote: mzani, muuguzi, kitanda. "Naogopa kukuudhi kuliko ninavyoogopa kufa."

Asia akavuta sahani karibu. Akakamulia ndimu nyingine, akala mpaka ikabaki miiba.

"Mjinga wewe," akasema taratibu. "Mimi nilikuwa nakulisha usife."

Siku hizi wanakwenda ufukweni Katonga pamoja asubuhi, kwa miguu, kuchagua samaki wabichi. Kwenye kilima Bi Zuhra husimama kupumua, na Asia humngoja huku akimtania, "Twende, bibi harusi, bwana asije akaghairi." Wageni wakija na sufuria, Asia huwapokea mlangoni kabla hawajavua viatu. "Kinanukia vizuri, mpelekee mumeo. Huyu mletee mchicha."

Wengine hununa kidogo, halafu huleta mchicha.

Kliniki ya mwisho mzani ulishuka. Si sana, lakini muuguzi aliutazama mara mbili, na Asia, aliyekuwa amesimama nyuma, akapiga kigelegele mpaka wagonjwa wa foleni wakageuka.